Mlio wa Pikipiki ya Mkunga

Fundi Masikio, aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya pikipiki ya mkunga, ndiye aliyekuwa fundi bora wa pikipiki katika mtaa ule wote. Mtaa wenyewe ulikuwa na mafundi wawili tu, na huyo wa pili, bintiye wa kumzaa, alikwisha kumshinda tangu mwaka juzi.

"Inalia kama panya aliyebanwa na mlango," mkunga alisema, mikono kiunoni. Alikuwa mama wa mwili wa kutosha na mdomo wa kuzidi. "Nikifika kwa mzazi, mbwa wameshatangulia kunipokea. Jana mzazi mmoja kaisikia, kacheka katikati ya uchungu. Nikamwambia, mwanangu, cheka tu, lakini sukuma."

Masikio alicheka, kwa kuwa alimwona anacheka.

Jina hilo alilipata ujanani, enzi zile akikaa ndani na sahani yake, pikipiki ikipita nje, naye husema: hiyo cheni imelegea, na mwenyewe hajui. Sasa masikio yalikuwa yamebaki jina. Milio minene bado aliipata, kwa mbali, kama watu wanaogombana nyumba ya tatu. Ile myembamba ilikwisha kuhama bila kuaga. Hakumwambia mtu, lakini uziwi nao ni kama kikohozi, haufichiki. Wiki iliyopita alitoka kujaribu pikipiki ya mteja, lori likampigia honi nyuma kutoka kona ya kwanza hadi shuleni, naye yuko katikati ya barabara anaimba. Dereva alikuja karakana kufoka. Binti alimsikiliza mpaka akaishiwa maneno, kisha akamgeukia baba yake.

"Siku nikijua husikii, Baba, funguo nakaa nazo mimi. Wewe utaziba pancha hapa kivulini."

Kuziba pancha! Kazi ya kigoda. Masikio alikuwa tayari kupoteza mengi, na meno alikwisha kuanza kuyatoa, lakini si ile safari fupi ya majaribio, upepo ukimjaza shati mpaka aonekane amenenepa.

Kwa hiyo mlio huu ilikuwa lazima aupate mwenyewe, tena mbele ya binti, aliyekuwa mezani akisafisha kabureta, jicho moja kwenye kazi na jingine kwa baba.

"Mama mkunga, panda. Nesanesa juu ya siti."

"Ninese? Kwa umri huu?"

"Mgonjwa ni pikipiki, si wewe."

Mkunga akapanda, akaanza kunesa. Masikio hakusikia kitu. Ila chini ya benchi palikuwa na paka wa karakana, na Masikio alikuwa akimtazama huyo. Mkunga alipoikalia siti kwa uzito wake wote, sikio la paka liligeuka. Aliponyanyuka, likatulia. Basi mlio upo, na unatoka pikipiki ikilemewa.

Akaweka kiganja kwenye bamba la kuzuia matope. Kimya. Akakihamishia kwenye kifuniko cha cheni. Kimya. Akakiteremsha taratibu hadi chini ya shokomzoba, pale boliti inapopita, na hapo chuma kikamtetemekea mkononi, kidogo sana, kama kitu kinachojigeuza usingizini.

Mkunga, ambaye maisha yake yote alipapasa matumbo, alikitazama kile kiganja. Utani ukamtoka.

"Mtoto kalala upande huo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Masikio alikuwa ameinama, anatafuta spana.

Alipoichomoa boliti, bushi, kile kipete kinachoishika, ilitoka kavu, nyekundu kwa kutu. Akaisugua kwa msasa, akaipaka grisi kwa kidole, akairudisha na kukaza. "Nesa tena." Mkunga akanesa. Paka aliendelea kulala.

"Nipe ufunguo, nikaijaribu," Masikio alisema, mkono umekwisha kunyooka.

"Naijaribu mimi," binti alisema, akaupokea kwa mkunga.

Alipanda nayo mteremko hadi mwisho wa mtaa, kule ambako mtu huonekana mdogo kama nati. Akageuza. Masikio alisimama kando ya barabara pamoja na mkunga, mikono kifuani, kichwa ameinamisha kidogo kama mtu anayefuatilia redio. Pikipiki ikateremka, ikawapita, ikasimama.

"Vipi?" binti aliuliza, akimtazama usoni.

"Panya kafa."

"Na injini?"

"Ah, injini tamu. Inanguruma vizuri, kama ya dukani." Angeishia hapo, ingekuwa salama. Lakini fundi akisifiwa na nafsi yake hanyamazi. "Ila upande wa silensa, kwenye bomba la moshi, nimesikia kijisauti, ulipokuwa unapita hapa. Nitakikaza."

Mkunga alianza kuchunguza kucha zake.

Binti alifungua kiganja. Ufunguo ulikuwa humo.

"Niliizima kule juu, Baba. Mlio ukitafutwa, injini huzimwa. Si wewe uliyenifundisha?"

Masikio aliutazama ule ufunguo, akautazama mteremko. Kisha akaokota spana, akachuchumaa, akaanza kuikaza nati ya silensa, ambayo haikuwa imelegea.