Pikipiki Aliyoichagua Avelina

Siku Avelina alipopata leseni ya kuendesha pikipiki, kila mtu Isingiro alikwisha kujua ni pikipiki gani inayomfaa, isipokuwa yeye mwenyewe.

Avelina alikuwa mtaalamu wa mifugo. Cheti chake kilisema hivyo, ila wafugaji walimwita daktari tu, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Alitibu ng'ombe, mbuzi na nguruwe wa Isingiro na vijiji vya jirani, akizunguka kwa miguu, au kwa bodaboda pale alipoipata. Jua likiwaka, bodaboda zilikuwa tele. Mvua ikinyesha na vilima vikageuka utelezi, vijana wa bodaboda walizima simu, na ng'ombe hawakuwa na desturi ya kungoja njia ikauke ndipo waugue. Zaidi ya mara moja alifika kwa mtu amelowa chapachapa, akakuta ngozi ya mnyama imekwisha wambwa. Mwenye mfugo alimkaribisha kwa adabu, wala hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Basi akaenda Kayanga kujifunza. Alifunzwa kwenye uwanja wa vumbi pamoja na vijana walioanza kuota ndevu juzi, akaanguka mbele yao, akajipangusa, akapanda tena. Mwalimu wao aliitwa Ildefonsi, mtu wa maneno machache mwenye kovu kidevuni. Siku ya mwisho alimpa Avelina mkono, kisha hakuuachia upesi.

"Usinunue pikipiki kwa macho," alimwambia. "Ikalie. Halafu ilaze chini, uiinue mwenyewe. Ukishindwa kuiinua dukani kwenye sakafu kavu, huko matopeni utamwita nani?"

Avelina alikuwa mfupi, na mwembamba juu ya ufupi wake. Maneno hayo aliyashika.

Nyumbani maneno yalikuwa mengine. Mama yake, Placidia, hakutaka pikipiki ya aina yoyote, akasema mwanamke wa miaka thelathini na mitano mwenye akili timamu angenunua ng'ombe wa maziwa. Majirani walitaja majina ya pikipiki walizoziona zikipita barabarani. Lakini neno lililotarajiwa kuwa la mwisho lilikuwa la kaka yake, Edgar, aliyekuwa akinunua kahawa vijijini na kupeleka mnadani. Edgar aliendesha pikipiki tangu ujana wake, mpaka ile yake ilipochoka kabisa, ikawa inalala nyuma ya jiko, kuku wakitagia chini ya tangi.

"Tutakwenda pamoja," Edgar alisema. "Hao wa dukani wakimwona mwanamke peke yake, watamuuzia kitanda wakimwambia ni pikipiki."

Avelina hakubisha. Kaka yake alijua mashine kuliko yeye, na alipenda kuwa naye siku kama ile.

Walifika Kayanga asubuhi, mawingu yakiwa yametanda upande wa Kyerwa walikotoka. Duka lilikuwa na uwanja mdogo mbele, pikipiki mpya zimepangwa zikiwa bado na plastiki kwenye viti. Muuzaji, kijana nadhifu aliyeitwa Yustus, aliwapokea kwa uchangamfu.

"Shikamoo, mzee. Karibuni. Tunatafuta ya biashara au ya kutembelea?"

"Marahaba. Ya kazi," alijibu Edgar, na kabla dada yake hajafungua kinywa alikuwa ameshika usukani wa pikipiki moja kubwa nyeusi, iliyosimama mbele ya zote. "Hii hapa. Injini yenyewe unaiona. Keria pana, shokapu nzito. Hii inabeba gunia kilimani bila kulalamika."

"Mzee anajua vitu," alisema Yustus.

Avelina aliikalia. Ilimbidi ajivute ili apande, na alipokaa, vidole vya miguu yake ndivyo vilivyogusa chini, tena kwa kubahatisha. Aliegemea kushoto, mguu wa kulia ukaning'inia hewani.

"Utazoea," alisema Edgar.

"Nitazoea kuwa mrefu?"

Yustus alicheka, kisha akaona Edgar hacheki, akaacha.

Avelina alishuka. "Naomba tuilaze chini," alisema.

"Tuilaze? Imepata nini?"

"Haijapata kitu. Nataka kuiinua."

Yustus aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akidhani huenda ni mzaha. Alieleza kwamba pikipiki mpya hailazwi, kwamba kioo kinaweza kupata mkwaruzo, kwamba tajiri wake ni mkali. Avelina alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwomba magunia matupu, akayatandika mwenyewe sakafuni, tena mawilimawili, akamwambia kwa upole kwamba hatanunua pikipiki ambayo hajaujua uzito wake. Wateja wengine wawili waliacha walichokuwa wakikitazama, wakasogea. Yustus akaona ni heri yaishe. Wakaishusha ile nyeusi taratibu mpaka ikalala.

Avelina aliinama, akashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mkono mwingine kama alivyofunzwa, akasukuma kwa mapaja. Pikipiki iliinuka kidogo, ikatetemeka, ikarudi ilikokuwa. Alijaribu tena. Mara ya tatu mishipa ya shingo ilimtoka, na pikipiki haikusogea kabisa.

"Niache mimi," alisema Edgar. Aliiinua, lakini haikuwa kazi ndogo, na alipoisimamisha alikuwa akihema na shati limemchomoka.

"Sasa umeona," alisema Avelina.

"Nimeona kwamba inainuka."

"Imeinuliwa na wewe, kaka."

Yustus, ili kuokoa biashara, aliwaonyesha pikipiki nyingine isiyo na klachi, ndogo ya magurudumu madogo, rangi ya waridi iliyopauka. "Hii akina mama wa mjini wanaipenda sana."

Avelina aliinama akaangalia nafasi kati ya tumbo la pikipiki na ardhi. Mkono wake ulipita kwa shida. Alifikiria mawe ya njia za kwao, akatikisa kichwa.

Ndipo alipoiona ya kona. Ilikuwa nyuma ya matairi yaliyopangwa juu kwa juu, imeshikwa vumbi, rangi yake kijani kama ya majani ya mgomba yaliyokomaa. Haikuwa na mapambo. Injini yake ilikuwa ya wastani, tumbo lake limeinuka vizuri kutoka chini, kiti chake ni chembamba katikati.

"Hiyo haina soko," alisema Yustus. "Watu wa bodaboda hawaitaki. Abiria wa pili hatoshi vizuri."

"Mgonjwa wangu hapandi pikipiki," alisema Avelina.

Aliikalia. Nyayo zake zote mbili zilikanyaga sakafu, kisigino hadi kidole. Alikaa hivyo muda kidogo, akisikia utulivu ukimwingia kutoka miguuni. Kisha akashuka, akayasogeza magunia, safari hii Yustus akamsaidia bila kuulizwa. Pikipiki ililazwa. Avelina alishika, akachuchumaa, akasukuma, nayo ikaja juu pamoja naye mpaka ikasimama wima, mikononi mwake, yeye mwenyewe akiwa ameshangaa.

Mmoja wa wale wateja alipiga makofi. Edgar aligeuka kutazama barabara.

Walipobaki wawili, Yustus akiwa amekwenda kutafuta funguo, Edgar alisema kwa sauti ya chini, "Ile nyeusi ingetufaa, Ave. Msimu wa kahawa ndio huu unakuja. Siku ambazo huna mgonjwa, mimi ningepita nayo vijijini."

Avelina alimtazama kaka yake. Hakuwa amelifikiria hilo, na sasa lilipotamkwa alishangaa jinsi lilivyokuwa wazi tangu mwanzo.

"Kumbe tulikuja kukununulia wewe?"

Edgar alikuna shingo. "Sikusema hivyo."

"Ungeniambia tangu nyumbani ningekuelewa. Lakini hii ni ya kazi yangu, na nitakayekuwa juu yake ni mimi. Naichukua ile ya kijani."

Hakupandisha sauti, wala hakungoja ruhusa. Yustus aliporudi na funguo, Edgar ndiye aliyemwambia, "Ifute vumbi. Ameichagua."

Walipomaliza shughuli za dukani, Avelina alifunga kwenye keria begi lake la dawa, ambalo hakutoka nyumbani bila hilo, na kuvaa kofia ngumu. Edgar alisimama kando, akiangalia upande wa kijiwe cha bodaboda.

"Utapanda au nikuache?"

Alipanda. Walipopita mbele ya kijiwe cha njia panda ya Omurushaka, vijana walipiga miluzi, mmoja akauliza mzee anapelekwa wapi na mkewe. Avelina alimsikia kaka yake akijikunyata nyuma ya mgongo wake. Lakini pikipiki ilikwenda vizuri. Aliisikiliza kama anavyosikiliza pumzi ya ndama, akibadili gia mapema kwenye miinuko, akiiachia kwenye tambarare, na kila kona aliyoimaliza ilimwongezea ujasiri. Huko mbele mvua ilikuwa imekwisha nyesha. Barabara ilikuwa nyekundu na inang'aa.

Walikuwa wameingia Isingiro simu ilipolia. Alisimama pembeni, akapokea. Alikuwa Nshimiyimana, mkulima wa mlimani ambaye wazazi wake walitoka Burundi zamani. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu.

"Daktari, amehangaika kuzaa tangu asubuhi. Mguu mmoja umetoka, mwingine hauonekani. Bodaboda wote wamekataa kupanda huku. Nitume watu waje kukubeba?"

"Usitume mtu. Chemsha maji. Nakuja."

Chini ya kilima walikuta bodaboda wanne wamejikinga chini ya paa la duka. Njia ya kwenda juu ilipita katikati ya vibanja vya migomba, na mvua ilikuwa imeitengeneza kama imepakwa mafuta.

"Dada, hapo hapapandiki," alisema mmoja. "Ngoja jua."

"Shuka, kaka," alisema Avelina. "Nifuate kwa miguu."

Edgar alishuka.

Aliingia na gia ya kwanza. Hakukimbia wala hakusimama. Gurudumu la nyuma lilipoteleza kushoto, alishusha mguu wa kushoto akakanyaga. Lilipoteleza kulia, akashusha wa kulia. Akaanza kupanda hivyo, amekaa na wakati huohuo anatembea, miguu yote miwili ikifanya kazi pande zote, injini ikinguruma chini yake kwa sauti ileile. Katikati ya kilima, palipo na jiwe, pikipiki ilipiga chini na kutaka kulala. Aliizuia kwa paja, akausikia uzito wake wote ukimjia, uzito ambao alikwisha kuujua. Akaisukuma ikanyooka. Akaendelea. Chini alisikia kelele za wale vijana, na safari hii hazikuwa za kumcheka.

Alipofika uani kwa Nshimiyimana alikuwa matope hadi kiunoni. Speciose, mke wa Nshimiyimana, alikuwa amepiga magoti kando ya kichwa cha ng'ombe akimsemesha kwa Kirundi. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, macho yamemtoka. Avelina alinawa hadi begani, akapaka mafuta, akaingiza mkono. Alikigusa kichwa cha ndama, akaingiza kidole mdomoni mwake, na ulimi ukajibu, kwa udhaifu.

"Yuko hai," alisema. "Mguu umekunjwa nyuma."

Ilibidi amrudishe ndama ndani kwanza ili apate nafasi, akingoja kila msukumo wa mama yake upite, mkono ukifa ganzi. Alilifuata goti, akaifuata kwato, akaifunika kwa kiganja isimchane mama, akaivuta polepole. Mguu ulikunjuka. Akaomba kamba. Mikono iliyompa kamba ilikuwa ya Edgar, ambaye alikuwa amefika akihema, viatu amevivua kwa sababu ya utelezi.

"Akisukuma, vuta. Akiacha, acha," alimwambia.

Edgar alivuta pamoja na Nshimiyimana, akaacha alipoambiwa aache, bila kuuliza. Kisha ndama akateleza nje mara moja, pamoja na maji yake, akalala kwenye majani kimya. Avelina alimfuta pua, akaingiza unyasi puani, akamsugua mbavu kwa majani makavu kwa nguvu zote zilizokuwa zimebaki. Ndama akapiga chafya, akatikisa masikio.

Speciose alikaa chini palepale kwenye matope, akajifunika uso kwa kanga. "Urakoze," alishukuru, akarudia tena, "urakoze cane," na Kiswahili kikawa kimempotea kwa muda.

Kabla jua halijainama, ndama jike alikuwa amesimama kwa miguu iliyotawanyika, akitafuta chuchu mahali ambapo haikuwepo, na mama yake akimsukuma kwa pua kumwelekeza. Speciose aliwapakulia ndizi na maharage. Majirani waliokuja kutazama hawakuondoka. Bibi Nyirabahire wa kibanja cha pili alitaka kujua kama daktari anaweza kupita kesho kumtazama nguruwe wake. Mwingine alikuwa na mbuzi wanaokohoa upande wa pili wa bonde. Wa tatu hakuwa na mnyama mgonjwa, ila alitaka aandikwe mapema, endapo atampata.

"Na mvua ikinyesha?" aliuliza yule wa upande wa pili wa bonde.

"Nitakuja," alisema Avelina, mdomo umejaa ndizi. Alikuwa hajawahi kutoa jibu hilo bila kuongeza, "nikipata bodaboda."

Edgar alikuwa uani, akiwaeleza wanaume wawili jinsi pikipiki ya kijani ilivyopanda, akionyesha kwa viganja gurudumu lilivyokuwa likiteleza huku na huku. Kwa maelezo yake, kilima kilikuwa kimekwisha kuwa kirefu maradufu.

"Tumeichagua kwa makini," aliwaambia, kisha akamwona dada yake mlangoni, akakohoa. "Yaani, yeye ndiye aliyeichagua."

Avelina alivaa kofia yake, akapiga kiki. Kaka yake akapanda nyuma, wakashuka kilima taratibu, yeye akiwa mbele.