Turubai la Chemchemi

Jumamosi asubuhi Apendi alivuka mpaka kutoka Busia ya Uganda kwenda Busia ya Kenya, kamera yake kuukuu ikiwa ndani ya mfuko wa kitenge, akaenda moja kwa moja hadi kibanda cha Mangeni nyuma ya maduka ya viatu. Mangeni aliuza na kutengeneza kamera za mitumba. Apendi, ambaye siku za kazi aliuza dawa katika famasi moja mjini Tororo, alikuwa mpiga picha wa Jumapili: hakupiga harusi wala hakulipwa na mtu, alipiga alichokipenda. Siku hiyo alikuja kununua kamera mpya.

"Usinunue," Mangeni alimwambia. "Hiyo yako bado inaona vizuri. Kamera ni sanduku tu, dada. Jicho ni lenzi."

Akamtolea lenzi fupi isiyovuta vya mbali, akawasha tochi ya simu na kuimulika ndani ili Apendi ajionee mwenyewe kwamba haikuota ukungu. "Lenzi yenye ukungu ni kama mahindi yaliyoingia unyevu. Hata ukipewa bure, usipeleke nyumbani." Kisha akaweka mezani stendi ya chuma ya miguu mitatu. "Na hii. Watu wanadharau stendi, halafu picha zikitetemeka wanalaumu kamera."

"Mikono yangu haitetemeki, kaka Mangeni."

"Kila mtu anasema hivyo. Ukiwa na stendi unaweza kuacha shata, kile kipazia cha kuingiza mwanga, wazi sekunde nzima, maji yanatoka laini kama hariri."

Apendi alinunua vyote viwili.

Kesho yake alfajiri alikuwa Mulanda kwa mama yake, Wilkister, na kabla ya kwenda ibadani aliteremka na stendi begani hadi chemchemi iliyo chini ya shamba la mtama. Hapo ndipo kijiji kizima kilipochota maji. Yalitoka chini ya jiwe jeusi, kati ya mizizi ya mkuyu, yakaanguka kwenye bwawa dogo ambalo wanawake walilisafisha kwa zamu. Jua lilikuwa bado limelala ubavu. Kulikuwa na chura juu ya jiwe na jani moja la njano likizunguka. Apendi alisimamisha stendi kwenye tope, akaacha shata wazi sekunde nzima, akarudia mara chache, kisha akafuta miguu na kuwahi kanisani.

Haukupita muda mrefu, Ojulong, mtu mwenye biashara ya maji ya chupa, akaja na mafundi na kuizungushia chemchemi ukuta wa matofali wenye geti la bluu. Ardhi ilikuwa yake, alisema, na karatasi alikuwa nazo. Chupa zake zilianza kuonekana madukani zikiwa na picha ya mlima wenye theluji, mlima ambao hakuna mtu wa Mulanda aliyewahi kuuona. Wanakijiji wakaanza kwenda kuchota kwenye kinamasi, mahali ng'ombe wanapokunywa na kusimama. Wilkister aliteleza huko na jerikeni kichwani, akavunjika kifundo cha mkono. Watu walipeleka malalamiko, wakaambiwa mkaguzi atakuja.

Apendi alikuja kumwona mama yake, akamkuta na mkono kwenye plasta, akinywa dawa kwa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Alirudi Tororo akafungua kompyuta, akaitafuta picha ya chemchemi ili mkaguzi aone mahali palivyokuwa kabla ya ukuta. Aliongeza bluu, akanoa kingo ziwe kali, akaipeleka kwa Babra mwenye duka la kuchapisha picha.

Jioni Babra alipiga simu. "Apendi, njoo uchukue picha yako. Inavuja. Imelowesha picha za paspoti za watu."

"Ni wino?"

"Si wino. Nimeonja."

Apendi aliipeleka nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, akaitundika jikoni juu ya beseni. Kabla chakula hakijaiva, beseni lilikuwa limejaa. Alichemsha chai. Ilikuwa na ladha ya chuma na mizizi, ladha aliyokua nayo, ila ilinuka bluu ya kufulia, na chini ya kikombe palibaki mchanga. Aliimwaga ile chai. Kisha akampigia Mangeni, akamweleza yote.

"Umeihariri?" Mangeni aliuliza.

"Kidogo. Nimeongeza bluu. Na kuinoa."

"Basi hiyo bluu ndiyo inanuka, na huo mchanga ni wa kunoa. Watu wote wanaoanza wananoa kupita kiasi. Ile mbichi uko nayo? Ile ambayo kamera haijaipika?"

"Iko."

"Rudi kwa mbichi. Tengeneza nakala, fanya kazi kwa nakala, hiyo ya asili usiiguse. Na uende polepole, Apendi. Picha haiharibiwi na kitu kama haraka."

Alikwenda polepole. Kila jioni baada ya kufunga famasi alikaa mbele ya kompyuta, beseni miguuni, akichapisha vipande vidogo na kuvionja. Aligundua kwamba akiongeza mwanga kwenye vivuli, maji yanapata vuguvugu. Akizidisha utofauti wa weusi na weupe, yanakuwa baridi hadi meno yanauma. Alimfuta yule chura kwa brashi ya kuondolea madoa, na mahali pale palipokuwa na chura maji yakawa yanaruka, kama rekodi iliyokwaruzwa. Akamrudisha chura. Jani la njano aliliacha. Alipokata picha ili kuondoa mizizi iliyomkera pembeni, alikata pia lile jiwe jeusi, na beseni likakauka palepale. Jicho la maji likitoka nje ya fremu hakuna kinachotoka. Zile picha nyingine alizopiga kwa shata ya haraka zilitoa matone yaliyoganda hewani jikoni mwake, mazuri sana, yasiyonyweka. Ilikuwa ni ile moja tu, ya sekunde nzima, iliyotiririka.

Stendi ilikuwa imezama kidogo upande mmoja kwenye tope, kwa hiyo picha ilikuwa imelala, na maji yote yalielekea kushoto, yakapita chini ya mlango na kulowesha njugu za mama wa nyumba ya jirani. Jirani alikuja kulalamika. Apendi aliomba radhi, akainyoosha picha mpaka bwawa likawa sawa, na maji yakaanguka wima ndani ya beseni.

Wiki hizo Wilkister alikuwa bado anakwenda kinamasini, akibeba kwa mkono mzima.

Picha ilipokuwa tayari, Apendi alimpelekea Mangeni ndani ya kadi ya kamera. Mangeni aliikuza kwenye kioo hadi ukaonekana mshipa wa jani, akaguna. "Kubwa kiasi gani?"

"Kama mlango wa kanisa."

"Hiyo itakwenda. Ungekuwa umenitumia kwa simu, ungepata manyunyu tu. Simu inazikamua picha." Akamfungia kadi kwenye karatasi. "Waambie watumie wino wa kudumu. Na turubai, si karatasi."

Apendi aliichapisha kwa fundi wa mabango upande huohuo wa Kenya, fundi akiwa amevaa buti za mpira. Turubai lilikunjwa likiwa linachuruzika, likafungwa kwa kamba juu ya bodaboda, Apendi akapanda nyuma ya dereva. Mpakani afisa wa forodha alilitazama, akatazama pia alama ya maji iliyowafuata barabarani.

"Mnaingiza nini?"

"Picha," alisema Apendi.

"Naona maji."

"Ni ya matumizi ya nyumbani."

Afisa alifikiria, akaandika maji ya matumizi ya nyumbani, akawaruhusu wapite.

Huko Mulanda wanaume walilitundika kwenye ukuta wa nyuma wa jiko la Wilkister. Obbo, jirani yake, aliezeka mabati juu yake, kwa kuwa Apendi alisema jua la moja kwa moja hula rangi na wino ukipauka maji yatapungua. Chini walichimba karo la saruji. Halafu walilikunjua, na chemchemi ikaanza kutoka chini ya jiwe jeusi kwenye mwanga wa asubuhi ile, ingawa ilikuwa alasiri na mawingu yametanda.

Wilkister alikinga kiganja cha mkono mzima, akanywa. Alifunga macho.

"Haya ndiyo," alisema. "Na chura umemwacha."

"Nilimtoa, Mama. Maji yakakataa."

"Alikuwepo. Kwa nini ulimtoa?" Kisha akawageukia waliosimama na jerikeni zao. "Pangeni foleni. Wenye watoto wachanga mbele. Na msiguse turubai kwa mikono ya mafuta."

Tangu siku hiyo kijiji kilichota kwa Wilkister. Watu walizoea kutoigongagonga picha ile kwa vikombe na kuifuta vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Hakuna aliyekwenda tena kinamasini, isipokuwa wale wa bondeni zaidi, waliokuwa wakichota kwenye mkondo wa chemchemi ile na ambao kwao jiko la Wilkister lilikuwa mbali mno.

Mkaguzi alifika mwishowe, mwanamke mpole mwenye mwavuli, na Ojulong akaja naye kwenye gari lake. Walisimama mbele ya turubai. Ojulong aliinama, akatazama kwa karibu, mikono nyuma.

"Dada, hii umepiga na lenzi gani?"

Apendi alimwambia.

"Nzuri. Imetulia." Akanyooka. "Lakini haya ni maji yangu. Chemchemi ni yangu, na kinachotoka kwake ni changu, hata kama kinatokea kwa turubai."

Mkaguzi alimgeukia Apendi. Apendi alikuwa amejiandaa. Aliwasha kamera, akaitafuta picha mbichi, akamwonyesha tarehe na saa ambavyo kamera yenyewe ilikuwa imeviweka: vilikuwa vya kabla ya ukuta, kabla hata ya karatasi za Ojulong. Mkaguzi alisoma kwa makini, akamwomba akuze, akasoma tena.

"Ni kweli," alisema. "Maji ya tarehe hii ni ya kijiji. Bwana Ojulong, ya kwako ni yale yaliyotoka baadaye."

Ojulong alikubali bila ubishi.

"Basi sasa tuangalie ukuta," alisema Apendi. "Hiyo picha inaonyesha wazi. Hapo palikuwa pa watu wote. Mama yangu amevunjika mkono kwa sababu ya huo ukuta."

"Pole sana, mama," mkaguzi alimwambia Wilkister, na alimaanisha. Akakinga glasi, akanywa maji yote, akafuta midomo. "Lakini malalamiko yaliyofika kwangu, madam, yanasema kijiji hakina maji. Mimi nimekuja, nimeyaona, nimeyanywa. Ni mazuri kuliko ya nyumbani kwangu. Sasa nitaandika nini?"

"Na wa bondeni?" Wilkister aliuliza. "Wao hawana picha."

"Wa bondeni hawakulalamika."

"Hawakujua pa kulalamikia."

Mkaguzi alifungua mwavuli wake, maana manyunyu yalikuwa yameanza, ya kawaida, ya kutoka juu. Malalamiko yalifungwa wiki ile. Geti la bluu lilipakwa rangi upya.

Apendi alilia kidogo jikoni kwa mama yake, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na Wilkister akamwacha alie. Kisha akampa viazi amenye, kwa kuwa yeye plasta ilimzuia.

"Ojulong amenunua wapi tena?" Apendi aliuliza, akimenya.

"Nasikia Kisoko. Na mwenzake mmoja, Dabani."

Apendi alirudi Tororo akachaji betri zote. Alimwita Babra, akamfundisha kupanga stendi kwenye tope kwa kuweka vipande vya mbao chini ya miguu yake. Aliwapigia watu aliokuwa akipiga nao picha Jumapili, wale wa ndege na wa machweo, akawaambia waache ndege kwanza, wapige chemchemi ambazo bado hazijajengewa ukuta. Mangeni alituma kwa bodaboda stendi mbili za mkopo pamoja na ujumbe: wasisahau vitambaa vya lenzi, na wapige mbichi.

Jumapili iliyofuata, kabla ya ibada, alikuwa Kisoko. Chemchemi ya huko ilitoka kwenye mteremko kati ya mihogo, ndogo lakini yenye nguvu. Vigingi vilikuwa vimekwisha kupigwa upande mmoja. Kijana wa vipimo vya ardhi, jina lake Okia, alikuwa akipigilia vya upande wa pili kwa nyundo, koti lake limetundikwa kwenye mhogo.

Apendi alisimamisha stendi, akapima kwa jicho, akasubiri jua lipande kidogo.

"Kaka," alisema, "kivuli chako kinaniingilia. Naomba usogee."

"Unapiga nini?"

"Maji."

Okia alisogea, akashusha nyundo na kusimama kimya ili ardhi isitetemeke. Apendi aliacha shata wazi sekunde nzima. Alitazama kioo, akarudia tena kwa uhakika, akamshukuru. Okia akachukua kigingi kingine na kuendelea kupigilia.