Rafu ya A

Mkuu wa idara ya sayansi shuleni kwetu, tuliyemwita Bwana Nadhifu, alipenda mpangilio kuliko chakula. Likizo moja alipanga chupa zote za maabara kwa alfabeti, kama vitabu, akabandika herufi kubwa kwenye kila rafu. Asetoni ikakaa bega kwa bega na asidi ya nitriki. Hizo zikikutana ni moto!

Mimi ni fundi wa maabara hiyo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Damu ilinichemka. Asetoni nikaihamishia kabati la chuma, na asidi nikaiweka chini kabisa, ndani ya trei ya plastiki.

"Mama, umeniharibia kazi!" Bwana Nadhifu akafoka. "Mkaguzi anakuja kesho. Rudisha!"

"Sirudishi. Nifukuze."

Kesho yake mkaguzi, mwanamke mfupi asiye na haraka, aliinama kwenye rafu ya chini, akachungulia. Chupa ya asidi ilikuwa imepata ufa kitakoni. Asidi yote ilikuwa imetulia kwenye trei, hata tone halikutoka nje. Zingekuwa bado juu pamoja, asidi ingeimwagikia asetoni.

"Nani aliiweka hapa?"

Bwana Nadhifu akakohoa. "Huyu mama. Mimi nilimkataza."

"Basi shule yenu imepona kwa ukaidi wake."

Mgeni alipoondoka, nilimpa Bwana Nadhifu kisu cha kubandulia herufi. Mwenye macho haambiwi tazama. Akapanda ngazi mwenyewe, tai ikining'inia, akaanza na A.