Unga wa Rangi Mlangoni

Watu wa Mbeya walimsifu Bijal kwa mistari yake. Pembetatu ndani ya duara, duara ndani ya pembe sita, kila kitu kimenyooka kama kimepigwa rula. Alipanga michoro kwenye kompyuta, mashine yenye kalamu ikaichora kwenye turubai, kisha yeye akajaza rangi. Mwandishi mmoja alifika karakana yake ya Iyunga, akaandika kwamba dada huyu ameoanisha hesabu na teknolojia. Maneno matamu hayo. Ukweli ni kwamba alinunua mashine kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka.

Hakumwambia mtu, na zaidi ya wote hakutaka mama yake ajue. Mama ndiye aliyemuuguza baba kule Iringa, tangu chai ilipoanza kumwagika kikombeni, mpaka akashindwa kufunga vifungo vya shati, mpaka akafariki. Kama ugonjwa ni uleule, Bijal hakujua. Hospitali hakwenda, aliogopa jibu. Sikukuu ya Diwali nayo aliikwepa kwa kusingizia kazi, maana siku hiyo kwao binti ndiye huchora rangoli, yale maua ya unga wa rangi mlangoni, na unga ule hubanwa kwa vidole, si kwa mashine.

Sasa maonyesho yake yalikuwa Iringa, na hapakuwa na pa kujificha. Mama alitangulia ukumbini na sinia la unga, akapanga nukta za kuongozea sakafuni.

"Wageni hawapiti mlango mtupu," alisema. "Chora, beta, mwanangu."

"Chora wewe, Mama. Mimi nimechoka na safari."

"Kazi ya nani hii? Si yako?"

Juliana, msimamizi wa ukumbi, naye akachochea. "Dada, tuoneshe basi. Sisi tumezoea kuona mashine tu. Ila fanya haraka, wageni washaanza kushuka kwenye magari."

Bijal alipiga magoti. Akabana unga mweupe, akaanza nusu ya kushoto. Mstari ulitoka ukiyumba, ukapinda, ukaruka nukta. Alishika kifundo cha mkono huo kwa mkono wa pili, ikawa mbaya zaidi. Alipofika katikati aliacha, na hakuthubutu kuinua uso. Aliogopa kama mtoto aliyevunja chombo cha wageni.

Mama alisogea na sinia. Alipiga magoti upande wa kulia, akachota unga. Bijal alidhani anataka kufuta. Kumbe alikuwa anaendeleza nusu iliyobaki. Pale mstari wa binti ulipoyumba, wake nao uliyumba. Uliporuka nukta, wake nao uliruka. Alitupa jicho mara mojamoja tu. Mengine mkono wake uliyajua tangu alipomuuguza baba.

Wageni waliingia wakipita pembeni ya ua lile. Nusu mbili zilikuwa zimelingana kabisa. Mmoja alipiga picha, akauliza kama huo ndio mtindo mpya.

"Ndio huo," Mama akajibu.

Walipobaki wawili, Mama alizungumza Kigujarati, macho yakiwa bado kwenye unga. "Umeanza lini?"

"Mwaka juzi."

Mama alikung'uta mikono polepole.

"Baba yako aliniambia siku ileile kikombe kilipomwagika," alisema. "Wewe ukanunua mashine."