Likizo ya Binti Sumaili

Jenereta ya hospitali iliwashwa asubuhi kwa ajili ya chumba cha upasuaji, na Dieudonnée akachomeka kompyuta yake upesi kabla hawajaizima. Yeye ndiye aliyeshughulikia mambo ya wafanyakazi katika hospitali ndogo ya misheni, nje kidogo ya Kabambare. Tangu mvua za kwanza alikuwa akiwahamisha mmoja mmoja kutoka kwenye kabati lililoliwa na mchwa hadi ndani ya programu mpya. Programu hiyo ililetwa kutoka Kindu na fundi mwembamba aitwaye Kamaldine, aliyefika kwa pikipiki akiwa na matope mpaka kwenye nyusi.

Kamaldine hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini aliyoyasema Dieudonnée aliyashika. Mtu mmoja, namba moja, hata kama majina yanafanana. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, si kama watu wanavyomwita mtu barabarani. Faili ya aliyeondoka haifutwi, inafungwa tu. Kila ukurasa uhifadhiwe papo hapo, maana umeme hauagi. Neno la siri asipewe mtu, hata daktari.

"Na konje," alisema akiwa tayari amekalia pikipiki yake, akimaanisha likizo. "Ujaze konje zote tangu siku mutu alianza kazi. Likizo yenye mutu hakukamata haipotei. Programu inaibeba."

Hakuna aliyemwuliza inaibeba mpaka wapi.

Asubuhi hiyo Dieudonnée alikuwa amefika kwenye jina la Binti Sumaili, mkunga. Mama huyo alizaliwa Kasongo, katika nyumba ya wauza vitambaa, akaletwa Kabambare akiwa bibi arusi wakati malori bado yalikuwa yanafika. Hakuwahi kwenda likizo. Kwanza kulikuwa na vita. Halafu mwenzake wa zamu akaenda Salamabila kutafuta dhahabu na hakurudi. Halafu ikawa hakuna wa kumshikia nafasi. Mume wake alipofariki, alimzika, akakaa matanga siku chache, akarudi kwenye chumba cha uzazi akiwa bado na kanga ya msiba.

Dieudonnée alijaza miaka yote. Alipomaliza, kisanduku cha likizo kikageuka chekundu na ukurasa ukakataa kuhifadhiwa. Alipanda kilima nyuma ya kanisa, mahali mtandao unapopatikana, akampigia Kamaldine.

"Usiilazimishe," Kamaldine alimwambia. "Ikikatala iko na sababu. Mukubwa wake akubali hiyo konje, ndio itafunguka."

Mkubwa wake alikuwa Daktari Faradji, mkurugenzi. Alimsikiliza huku akikoroga chai.

"Ukubali," alisema. "Wakaguzi wako njiani, na hiyo nyekundu haifai. Lakini mama abakie kazini. Hiyo iko ya mashine tu."

Dieudonnée alirudi mezani akabonyeza. Kisanduku kikawa kijani. Akahifadhi.

Jioni jua lilizama Kabambare kama kawaida, ila halikuzama nyumbani kwa Binti Sumaili. Mchana ulibaki pale ukiwa umesimama ndani ya ua, sawasawa na mstari wa uzio wa matete. Kwa jirani upande huu giza lilikuwa limeingia na moto wa jikoni ulionekana. Kwa jirani upande ule pia. Katikati yao kulikuwa na saa tisa ya alasiri, yenye anga lake la buluu, na kuku waliotembeatembea, wakitazama juu, kisha wakaenda kulala kwenye kivuli cha ghala.

Dieudonnée aliuona kutoka barabarani. Alivua viatu kwenye mlango wa uzio kama mtu anayeingia mahali pa sala, na alipovuka alisikia joto la jua likimpanda miguuni.

"Mama," alisema, "hii ni konje yako. Niliijaza leo."

Binti Sumaili alikuwa ameketi mlangoni na sahani ya mchele aliokuwa akiuchagua. Aliangalia juu.

"Yote?"

"Yote."

"Basi nitalala muchana," alisema.

Akatandika mkeka chini ya ukuta, akajifunika uso kwa kanga, akalala. Alilala kama ambavyo watu wa mtaa huo hawakuwahi kumwona akilala. Majirani walikuja kwa kunyata, wakaanika mihogo yao kwenye jua lake, na kina mama waliwanyamazisha watoto kwa kidole tu. Mzee Assumani, fundi wa cherehani, alileta mashine yake, lakini hakuikanyaga mpaka mwenye nyumba alipoamka. Watu walikaa pembeni mwa ua, mikono magotini, wakiutazama mchana wa mtu mmoja. Wengi hawakujua kwamba uchovu wa mtu unaweza kuwa mkubwa kiasi hicho.

Alipumzika hivyo jioni chache, akitoka zamu. Kisha akaletwa Falonne.

Falonne alikuwa mke wa mchimbaji wa Salamabila. Alifika kwa pikipiki wakati wa magharibi, akiwa na uchungu wa kuzaa, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva ili asianguke, na damu ilikuwa inamtoka. Mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha kwenye upasuaji. Chimène, mkunga mdogo, alikuwa ameshika simu yenye tochi kwa meno, na mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya kazi.

"Mukamuite Mama Binti," alisema daktari.

"Mama iko mu konje," Dieudonnée alijibu.

"Najua. Ndio maana."

Binti Sumaili alipotoka kwenye ua wake, mchana ulitoka naye. Wale waliokuwa barabarani waliona alasiri ikipita juu ya pikipiki, ikimulika majani ya migomba pande zote mbili, kisha giza likifunga nyuma yake. Walitua mizigo, wakasimama mpaka ikapita.

Iliingia naye katika chumba cha uzazi. Ikajaza kuta, vitanda, beseni, na uso wa Falonne uliokuwa wa kijivu. Binti Sumaili aliona damu ilikotoka. Hakuhitaji kupapasa.

"Uandae uzi," alimwambia Chimène. "Na utoe hiyo simu mu kinywa, tuongee."

Mtoto alizaliwa kwenye jua, akafungua macho. Falonne aliomba maji, akanywa, akauliza kama tayari ni asubuhi. Chimène alisema ndiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi. Dieudonnée, aliyesimama mlangoni, alilia bila sauti.

Baada ya hapo pikipiki ilikuja kumchukua kila jioni.

Dieudonnée aliona namba ya likizo ikishuka. Alijaribu kurekebisha, aandike kwamba siku hizo zilikuwa za kazi. Programu ilikataa. Alipanda tena kilima.

"Mutu wa konje hawezi kuandikwa kazini," alisema Kamaldine. "Kwanza umurudishe kazini. Na ukimurudisha, hiyo mwangaza itaenda."

Alimpelekea daktari neno hilo.

"Umuache kwa konje," alisema Daktari Faradji. "Unataka tuzalishe kwa giza?"

Binti Sumaili mwenyewe hakulalamika. Alisema tu, jioni moja akipanda pikipiki, kwamba alikuwa amepanga kwenda Kasongo kumwona dada yake, na kwamba dada amezeeka sasa.

Miezi ilipita, na likizo ikaisha akiwa katikati ya kushona. Mchana ulipungua chumbani, ukawa wa machweo, ukatoka dirishani. Alimalizia kwa tochi ya Chimène. Kwenye kioo cha kompyuta kukaandikwa kwamba likizo imekamilika, na mfanyakazi amerudi kazini. Asubuhi alikuwa kwenye zamu yake kabla ya wengine.

Daktari Faradji alikuja ofisini kwa Dieudonnée, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Angalia nani mwingine hajapumzika," alisema.

Hakuhitaji kutafuta. Kila faili aliyofungua ilikuwa nyekundu. Alianza na Célestine, mfuaji wa mashuka, aliyekuwa hospitalini tangu kabla ya ukuta wa pili kujengwa. Akabonyeza, akahifadhi.

Jioni hiyo Célestine alifuatwa kabla hajamaliza ugali wake. Kwa kuwa hakuwa mkunga, aliambiwa asiguse kitu chochote, asimame tu kwenye kichwa cha kitanda. Alisimama, mikono yake iliyochunika kwa sabuni ameikunja kifuani, na mchana mpana ukamiminika kutoka kwake juu ya mwanamke aliyelala pale. Ulikuwa mweupe kuliko wa Binti Sumaili, kama shuka iliyoanikwa. Kila aliyekuwemo alishusha sauti.

Uchungu ulikuwa mrefu. Dieudonnée alimsogelea.

"Umechoka, mama? Nikuletee kiti?"

"Hapana," Célestine alisema. "Niko mu konje."