Kitanda cha Mpwa Wangu

Karakanani kwetu niliitwa Kesho, na sikuwa na haki ya kulalamika. Mteja akiulizia kabati lake, namjibu kesho. Akirudi hiyo kesho, namjibu kesho tena, kwa tabasamu lilelile. Useremala niliujua, hata walionikasirikia walikiri kwamba mkono wangu ni mzuri. Lakini meza yangu ilikuwa langoni, pamoja na za wenzangu wawili, Redio na Bosi, na langoni hapakosi mambo. Kila mpita njia alikuwa na habari, na kila habari ilitaka kujadiliwa. Chai ya saa nne ilitufikisha saa sita. Redio akianza kumwigiza mwenye karakana, hata aliyekuwa katikati ya ubao aliweka msumeno chini ili acheke vizuri.

Dada yangu alikuwa amekaa kwenye ndoa miaka kumi na miwili bila mtoto. Mimba iliposhika, alinijia mwenyewe.

"Sitaki kitanda cha dukani," aliniambia. "Nataka mwanangu alalie kazi ya mjomba wake."

Nilimwapia. Nilikuwa na miezi mitano mbele yangu. Nikachagua mbao nzuri, nikazipiga randa, nikazisimamisha ukutani. Zilikuwa bado zimesimama hapo siku niliyopigiwa simu kwamba amejifungua mtoto wa kiume.

Nilikwenda kuwaona walipotoka hospitali. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye beseni la kufulia, juu ya shuka iliyokunjwa mara nne. Shemeji alinisalimu huku akitazama sakafu. Dada hakunifokea.

"Mjomba mtu, karibu," alisema. "Hakijawa tayari, eh? Haya, hamna neno."

Angenitukana ningejitetea. Kwa upole ule sikuwa na pa kushika.

Asubuhi iliyofuata nilibeba mbao zile na sanduku la vifaa, nikawapita wenzangu, nikaenda mpaka chumba cha nyuma. Humo alifanya kazi mama mmoja wa makamo tuliyemwita Mama Msasa, fundi wa kulainisha mbao na kuzipaka vanishi. Sote tulimwogopa. Chumba chake hakikuwa na dirisha la barabarani wala kiti cha mgeni.

"Shikamoo, mama. Naomba nafasi ya kufanyia kazi hapa."

"Marahaba. Wamekufukuza langoni?"

"Nimejifukuza."

Alizitazama mbao, kisha akanitazama mimi. "Humu hakianzwi cha pili kabla cha kwanza hakijaisha. Na mazungumzo ni wakati gundi inakauka, maana hapo mikono haina kazi. Sogeza lile kopo."

Siku ya kwanza masikio yaliniwasha. Nilivisikia vicheko vya langoni, nikawa natafuta visingizio: maji, misumari, haja ndogo. Kila niliporudi nilimkuta Mama Msasa ameinama palepale, na aibu ikanirudisha mezani. Hakunihimiza hata mara moja. Ukikaa kando ya mtu anayesugua ubao kwa mwendo mmoja tangu saa moja na nusu, mkono wako unaanza kumfuata wenyewe. Siku ya tatu nilishtukia saa sita imegonga na chai sijaikumbuka.

Redio alichungulia mlangoni. "Jamani, Kesho kaolewa huku!"

Nilicheka, maana ilichekesha, nikaendelea kupiga patasi.

Siku ya tano, mchana, kitanda kilifika kwa dada. Alipitisha kiganja ukingoni mwote akitafuta kibanzi, asikipate. Akamlaza mtoto, akalia kidogo, kisha akaniamuru niketi nile.

Sikurudi tena langoni. Wateja walianza kukuta kazi zao zimekwisha, wengine wakaduwaa kama waliokosea mlango. Kabla mwaka haujaisha, mwenye karakana alipata kazi ya madawati arobaini ya shule, akanipa niisimamie. Nilimwomba mtu mmoja tu: Redio.

"Yule?" alishangaa.

"Yule yule. Ila meza yake iwe kati ya yangu na ya Mama Msasa."

Nilijua ninachofanya. Redio alikuwa na mkono mzuri kunishinda. Hakuna aliyeuona kwa sababu alisimama pale nilipokuwa nikisimama mimi.

Alinung'unika siku mbili nzima, kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Wiki ya pili nilifika nikamkuta yumo, ameshapanga miguu ya madawati kwa safu, ananiangalia kama mchelewaji.

"Vipi, leo kuna nini?"

"Kuna kazi," alinijibu, macho kwenye futi yake ya kupimia.

Mama Msasa alijikohoza ili asicheke.

Madawati yaliondoka siku ileile tuliyoahidi, saa nane mchana. Lori lilipojaa, Redio alikataa kuketi mbele na dereva. Alipanda juu, akayakumbatia yale ya mwisho yasije yakakwaruzana, akawapigia kelele wote waliosimama langoni wampishe.