Kisanduku cha Mawe na Chuma

Kwenye skrini ya majaribio ya kompyuta, mawe ya platinamu yalimiminika katika mfereji wa chuma unaoyashusha kutoka mkanda mmoja wa kubebea hadi mwingine, kama maharagwe kutoka guniani, hakuna lililosita. Hennie Vosloo, bosi wetu, alikuwa ameegemea kiti kama mtu aliyekwisha shiba. Mchana ule mafundi wangeanza kukata chuma kwa mchoro wa mfereji huo. Ilibaki saini yangu tu.

Mlangoni alisimama Bwana Ditsele, Rra Ditsele kwa Kitswana chetu, buti zimelowa tope, mtaimbo begani. Ndiye aingiaye mferejini mawe yanapokwama. Mwaka jana aliingia mwenzake, Molefi. Mawe yakaachia ghafla, na tangu siku hiyo Molefi husali akiwa amekaa, maana magoti ya kupiga hana.

“Mma Boikanyo,” akaniambia, “mawe yenu yana adabu. Yamesoma wapi? Ya kwetu yalifukuzwa shule.”

Hennie alicheka. Mimi nilitazama tope kwenye buti zake.

Programu ile haiulizi jiwe lina utelezi gani. Huuliza jiwe na jiwe mwenzake, jiwe na mpira wa mkanda, jiwe na chuma. Kila wawili na kisanduku chao cha namba ya msuguano. Ni kama ndoa: huwezi kuujua ugomvi kwa kumtazama bibi harusi peke yake. Lakini maabara yetu huyakausha mawe tanurini kwanza, kisha huyapima juu ya bamba jipya la chuma linalong'aa. Huku mgodini tunayamwagia maji kutwa kucha ili kuua vumbi.

Nilitoka bila kuaga. Niliporudi nilikuwa nimebeba kipande cha bamba kuukuu, juu yake kilima cha mawe mabichi kutoka mkandani. Nikakitua juu ya michoro ya Hennie.

“Inua upande mmoja,” nikamwambia.

“Boikanyo, hiyo ni michezo ya chekechea. Maabara imeshapima.”

“Imepima mawe yaliyookwa. Nani anaoka mawe hapa, Hennie? Mama yako?”

Rra Ditsele akakohoa kuficha kicheko. Hennie hakuficha kitu. “Ile sifuri nukta tatu kwenye kisanduku,” akasema polepole, “nani aliiandika? Hata kwenye mfereji uliopita, ule wa Molefi?”

Mimi. Niliinakili kutoka vipimo vya maabara vya kazi ya zamani, siku ya Ijumaa, nikiwahi kwenda nyumbani. Hasira niliyokuwa nimeilea kwa ajili yake iligeukia njiani, ikarudi kwa mwenyewe, na kwangu haikubisha hodi.

“Rra, nisaidie,” nikasema.

Akalaza mtaimbo, akainua bamba taratibu, nami nikasoma pembe kwa kipimapembe. Digrii ishirini, kilima kimetulia. Thelathini. Arobaini. Kwenye arobaini na tatu kilima kikaanza kuteleza, kikachafua michoro yote. Hennie hakuiokoa hata karatasi moja.

Nilifuta namba yangu, nikaandika tanjenti ya pembe ile, sifuri nukta tisa tatu, nikaamuru programu ianze upya.

Mawe yakashuka, yakafika kwenye kona, yakapunguza mwendo. Moja likakaa. Jingine likaliegemea. Muda si mrefu koo la mfereji lilikuwa limeziba, na juu yake mzigo ukazidi kupanda.

Rra Ditsele alivua kofia ngumu, akainama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye skrini. Akaweka kidole chini kidogo ya lile rundo, mahali palipokuwa patupu.

“Hapa,” akasema. “Alikuwa amesimama hapa.”